Chokaa ya Wageni

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kumwona Wakiuru akiwa na ndoo ya chokaa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, binti yake Wamboi alitoka nje na mswaki mdomoni akakuta boma limevaa soksi. Miti yote ya mbele ilikuwa imepakwa chokaa hadi magotini. Mawe ya njia, ambayo jana yalikuwa mawe tu, leo yalikuwa yamejipanga pande mbili kama wanafunzi wa sare nyeupe wanaomsubiri mkubwa. Hata jiwe la kunolea panga halikusazwa. Wakiuru mwenyewe alikuwa ameinama langoni, leso kiunoni, anamalizia nguzo ya mwisho.

"Mama, hii ni nini?"

"Si uko na wageni?" Wakiuru hakuinua kichwa. "Ama ulitaka watu watoke Bungoma wote hao waje wapate boma ya watu wachafu? Temea huko, usiniharibie jiwe."

Wamboi alitema huko. Hakuwa na ugomvi na mawe. Wageni walikuwa wanakuja kweli: watu kumi na wawili wa klabu ya kutazama ndege, wamekodi basi la shule kutoka Bungoma mjini, kuja kutembea kinamasi cha Chepsoi kilichoanza pale shamba lao lilipoishia. Kwa miezi minane Wamboi alikuwa akiwabebea waongozaji wengine darubini ile kubwa ya miguu mitatu, bila malipo, na shingo ilikuwa imeanza kuinama upande mmoja. Leo angeongoza mwenyewe. Mwalimu Kizito, mwenyekiti wa chama cha kulinda kinamasi, angetembea nyuma amefunga mdomo, na mwisho wa safari angesema nani avae koti la kijani la mwongozaji: yeye, au Kiptanui wa Kachibora. Koti lilikuwa moja. Na koti lilikuja na mshahara, kitu ambacho Wamboi alikuwa akikisikia tu kama watu wanavyosikia habari za bahari.

Wageni nao hawakukodi basi kuja kuona shomoro. Walitaka kumwona korongo taji akiatamia. Mwaka huo katika Chepsoi nzima kulikuwa na kiota kimoja tu cha korongo, na aliyekivumbua alikuwa Wamboi.

Hapa lazima ukweli usemwe, kwa sababu Wamboi mwenyewe hakuusema. Kiota kile kilikuwa katikati ya nduma za baba yake. Na nduma zenyewe zilikuwa zimeshuka, mstari baada ya mstari, mwaka baada ya mwaka, hadi zikapita vigingi vya mpaka na kuingia ndani ya kinamasi ambako hakuna mtu aliyeruhusiwa kulima. Vigingi vilikuwa vya saruji, vifupi, vimeota ukungu wa kijani, na majani ya nduma yalikuwa makubwa kama masikio ya ndovu. Hakuna aliyeviona. Kwa hiyo Wamboi alipofungua kitabu cha viota, ambamo Mwalimu Kizito alitaka kiandikwe kila kitu, aina ya ndege, mayai mangapi, kiko kwenye mmea gani, hatua ngapi kutoka kigingi kilicho karibu, kwenye mmea aliandika "matete." Na kwenye hatua aliandika kwa mwandiko mbaya kwa makusudi.

"Basi asante mama," alisema, akageuka arudi ndani.

"Na hata zile vigingi zenu za huko chini nimepaka."

Mswaki ulisimama hewani.

"Gani?"

"Zile za kwa nduma. Zilikuwa chafu ajabu, zimeota ukungu. Nikasema, hii ni kitu ya serikali, na kitu ya serikali inapakwa chokaa. Nikakata kidogo yale majani yalikuwa yamezifunika ndio zionekane." Wakiuru alinyooka, akajishika mgongo, akaonekana ameridhika na maisha. "Nimepaka mara mbili. Huyo kuku wako wa taji alinitolea macho, nikamwambia tulia, sikuji kwako."

Wamboi alikimbia hadi ukingo wa boma. Huko chini, katikati ya bahari ya majani ya kijani, vigingi vinne vilikuwa vimesimama vinang'aa kama meno ya dhahabu kwenye mdomo wa maskini. Juu yake nduma. Chini yake nduma, nyingi zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kusoma mpaka ulikuwa wapi na nani alikuwa ameuruka.

"Mama," alisema polepole, "umetumaliza."

*

Gathii alitoka zizini na ndoo ya maziwa, akatazama alikotazama binti yake, akaiweka ndoo chini. Alikuwa mwanamume mfupi, mwenye kofia ambayo hata usingizini ilikuwa karibu.

"Nani amefanya hiyo?"

Ndoo ya chokaa ilikuwa bado mkononi mwa Wakiuru.

"Mimi nilikuwa nawakaribisha wageni," alisema Wakiuru, sauti imeanza kupungua.

"Ulikuwa unawakaribisha ama ulikuwa unawaonyesha mahali pa kunifungia?" Gathii alichukua jembe. "Nashuka nipake matope. Dakika tano."

"Baba, hapana."

Wamboi alipewa jina la mama yake Gathii, kama desturi inavyotaka, na kwa sababu hiyo baba yake hakumwita Wamboi hata siku moja. Alimwita Maitu, yaani mama yangu. Kulikuwa na faida: Wamboi akigomba, Gathii alisikia sauti ya marehemu ikigomba ndani yake, na mara nyingi alikaa chini.

"Maitu, watu wako watatokea saa hii."

"Ndio maana. Mama ameshamsumbua korongo asubuhi hii, ukishuka na wewe na jembe ataacha mayai kabisa. Mayai yakipoa wageni watakuja waone nini? Vigingi?"

"Na wakiona vigingi?"

Wamboi alitazama juu. Wingu zito lilikuwa limekalia milima ya Cherangany. "Mvua ikinyesha itaosha."

"Haioshi," alisema Wakiuru kwa sauti ndogo. "Niliweka chumvi ndio ishike."

Gathii alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo, akaivaa tena. Nduma zile ndizo zilizokuwa zikienda soko la Kiminini kila Jumatano. Wakiuru alizipeleka kwa mama wa hoteli karibu na stendi, na hapo ndipo sukari, sabuni na dawa ya ng'ombe zilipotoka. Mwezi uliopita chama kilikuwa kimetangaza kanisani: zao lolote litakalopatikana ndani ya vigingi litang'olewa. Gathii alikuwa ameitikia amina kama kila mtu.

Huko barabarani, honi ya basi ililia mara mbili.

*

Wageni walishuka wakiwa na kofia za jua, vitabu vya ndege na vyupa vya maji. Mmoja wao, mama mnene mchangamfu aitwaye Peris, mfanyabiashara wa Kamukuywa, alikuwa amevaa koti jekundu la mvua lililoweza kuonekana kutoka Uganda.

"Mama, nyekundu inawatisha ndege," alisema Wamboi kwa adabu.

"Na nikinyeshewa nikufe, huyo ndege atakuja matanga?" alijibu Peris, na kundi lote likacheka. Wamboi akacheka pia, kidogo, akajua ameanza vibaya.

Mwalimu Kizito alikuwa nyuma ya wote, mrefu, mkimya, na daftari kwapani. Alikuwa mtu wa Bungoma aliyefundisha miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Ni pale tu alipokasirika ndipo l na r zilipobadilishana viti. Wakati huo alikuwa bado hajakasirika. "Boma safi," alimwambia Wakiuru, akaonyesha mawe. Wakiuru, ambaye kwa kawaida angeshukuru kwa maneno mia, aliinama tu.

Wakaanza kutembea. Njia ilizunguka kinamasi, ikavuka daraja la magogo, ikaishia ng'ambo kwenye jukwaa la mbao ambako darubini ingesimamishwa. Kwa mwendo wa kawaida ni dakika arobaini. Wamboi aliamua kwamba leo haitakuwa kawaida.

Aliwaonyesha kwera. Aliwaeleza dume anavyojenga nyumba, jike anavyokuja kukagua, na akikuta kazi mbovu anavyoing'oa yote mbele ya majirani. Wanaume wa kundi waliguna kwa huruma. Aliwaonyesha shorobo aliyerukaruka juu ya msandali na mabawa mekundu, akamsubiri aruke tena, na tena. Aliwasimamisha wasikilize fundi-chuma, ambaye hulia toki-toki-toki, akawasimamisha tena wahesabu toki. Mbayuwayu walikuwa wamejaa kwenye waya wa stima, wengi kama nukta, na Wamboi akaeleza kwamba hao wanafunga mizigo kurudi Ulaya.

"Bila viza?" aliuliza Peris.

"Bila viza, bila pasipoti."

"Basi hao ndio wamesoma."

Kila alipocheka, jicho moja la Wamboi lilikuwa Cherangany. Wingu lilikuwa pale pale. Halikuja, halikuondoka, kama mgeni aliyeaga saa moja iliyopita. Akajiambia labda ukungu utapanda. Akajiambia labda darubini itakataa kufunguka. Mikono ilikuwa inamtoka jasho hadi daftari la viota likaloa pembeni.

Kiptanui, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kubeba darubini, alimsogelea. Alikuwa kijana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na hakukuwa na ubaya ndani yake isipokuwa kwamba naye alilitaka koti.

"Niaje, mbona unatembea kama bibi harusi?"

"Nawaonyesha ndege."

"Umewaonyesha njiwa, bana. Njiwa wa kawaida. Dakika nane."

"Binti," Peris aliita kutoka nyuma, "hata mimi nyumbani niko na kuku. Hiyo kolongo iko wapi?"

Mwalimu Kizito alitazama saa yake, akaandika neno moja kwenye daftari. Wamboi hangeweza kulisoma, lakini lilikuwa fupi, na maneno mafupi ya walimu huwa hayana sifa.

Akavuka daraja.

*

Kutoka jukwaani, kinamasi chote kililala mbele yao kama mkeka. Kwanza maji. Halafu matete. Halafu kijani kile kingine, cha majani mapana. Na katikati ya kijani hicho, vigingi vinne vyeupe, na huko juu kabisa boma lenye miti iliyovaa soksi.

"Ai, hata mmepaka rangi!" alisema mgeni mmoja. "Hii chama imejipanga."

Kiptanui alisimamisha darubini. Wamboi aliinama, akafumba jicho moja, akatafuta. Kigingi. Jani. Jani. Kiota, rundo la nyasi zilizovunjwa, na juu ya kiota hakuna kitu.

Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa raha. Ameenda. Mama amemfukuza. Hakuna korongo, hakuna kusoma kitabu, twende tukanywe chai. Kisha raha hiyo ikamchoma, kwa sababu aliyaona mayai matatu, meupe yenye samawati kwa mbali, yamelala wazi chini ya wingu.

"Mnamwona?" aliuliza Mwalimu Kizito. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu bomani.

"Bado."

Wakangoja. Mtu akakohoa. Peris akafungua karatasi ya biskuti kwa kelele ya nyumba inayobomoka. Wamboi aliendelea kuangalia yale mayai na akajikuta anaomba, bila kujua anaombea upande gani.

Ndipo majani ya nduma, upande wa kushoto wa kimoja cha vile vinne, kigingi cha saba kwa hesabu ya chama, yalipotikisika, na taji la dhahabu likapanda juu yake kama jua dogo. Shingo ikafuata. Korongo alisimama, akatazama kulia na kushoto kama mama anayevuka barabara, kisha akatembea kwa heshima katikati ya nduma za Gathii, akafika kiotani, akayapindua mayai kwa mdomo, moja moja, akayakalia.

"Yesu," alinong'ona Peris. Biskuti ilikuwa imesahaulika mkononi.

Walipanga mstari. Kila mmoja aliinama kwenye darubini, na kila aliyeinuka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kupokea komunyo. Mgeni mmoja alifuta macho akasingizia upepo. Kwa dakika tano Wamboi alisahau vigingi. Yeye ndiye aliyewapa kitu hicho. Koti lilikuwa karibu hadi alihisi kola yake shingoni.

"Sasa tusomee kitabu," alisema Mwalimu Kizito.

Ilikuwa kanuni yake. Mwongozaji husoma kiota mbele ya wageni, kwa sauti, ndipo wageni wajue chama kinafanya kazi. Wamboi alifungua ukurasa uliolowa.

"Kiota nambari nne. Korongo taji. Mayai matatu. Kilionekana tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu." Kidole chake kikafika mstari uliofuata. "Mmea..."

Neno lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Na hayo majani makubwa ni ya nini?" aliuliza Peris, jicho bado kwenye darubini. "Kama nayajua."

"Ni magugu tu ya maji, mama," alisema Kiptanui upesi.

Wamboi alimtazama. Kiptanui hakumtazama. Alikuwa anakaza skrubu ya darubini ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Kiptanui alikuwa ameona tangu mwanzo, na labda huko Kachibora kulikuwa na mjomba mwenye kabichi mahali fulani. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Ilibaki tu kusoma "matete," kufunga kitabu na kwenda. Watu wa Bungoma wangerudi Bungoma. Mwalimu Kizito angekuwa na shaka, lakini shaka haimnyimi mtu koti.

Ila kitabu kingebaki. Mwongozaji atakayekuja mwaka kesho angetafuta korongo kwenye matete, angekaa huko miezi akipigwa na mvua, kwa sababu ya Wamboi.

"Si magugu," alisema. "Ni nduma. Hapa niliandika matete. Nilidanganya."

Peris aliinua jicho kutoka kwenye darubini.

"Basi andika vizuri," alisema Mwalimu Kizito.

Alitoa kalamu. Wamboi alikata "matete," akaandika "nduma," akatia sahihi pembeni kama alivyofundishwa.

"Hatua kutoka kigingi?"

"Ishirini na mbili. Chini ya kigingi cha saba."

"Chini, yaani ndani ya kinamasi."

"Ndani."

"Na mwenye nduma?"

"Gathii."

"Gathii gani?" aliuliza Mwalimu Kizito, ambaye alikuwa ameketi benchi moja na Gathii kanisani kwa miaka kumi na moja.

Watu kumi na wawili walianza ghafla kupenda kutazama angani.

"Baba yangu," alisema Wamboi.

*

Nyumbani, Wakiuru alikuwa ametandika kitambaa cha meza cha Krismasi. Hakujua kilichotokea ng'ambo. Alijua tu kwamba wageni hawarudi bila kunywa chai, na chai hainywewi mikono mitupu, na kitu kizuri kuliko vyote katika boma lile kilikuwa kile kile. Akaleta sinia mbili za nduma, moto, zimemenywa, zinatoa mvuke.

Wamboi alifumba macho.

"Karibuni, karibuni! Mwalimu, anza wewe. Hizi si kama za soko. Hizi zinakunywa maji ya kinamasi yenyewe."

Peris alikohoa ndani ya kikombe. Mwalimu Kizito alikitazama kipande kilichowekwa mbele yake. Kukataa chakula cha mwanamke aliyeamka alfajiri kupaka mawe ni dhambi ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Akaumega, akala, akatafuna muda mrefu.

"Mwenyekiti anakula ushahidi," Kiptanui alinong'ona. Wamboi alimkanyaga.

Gathii aliingia. Alikuwa amevaa koti lake la Pasaka, na alivyosimama mlangoni bila kofia, Wamboi alijua amewaona jukwaani, ameona kalamu ikitoka, na amejua.

"Mwalimu."

"Gathii."

"Wakati mlipiga hizo vigingi mlinipata na nduma tayari."

"Tulikupata na misitari miwiri," alisema Mwalimu Kizito, na kila mtu wa chama akasikia l na r zikihama. "Leo nimehesabu tisa! Mtu wa kanisa!"

"Nduma zinatembea zenyewe."

"Zinatembea na jembe, Gathii?"

Mgeni mmoja alicheka, akajuta, akaficha uso kwenye kikombe. Wakiuru alikuwa amesimama na birika, akimtazama mmoja halafu mwingine, na polepole uso wake ukaelewa. Alitazama sinia. Alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na chokaa kwenye kucha. Akaliweka birika chini, akaingia jikoni, na hakutoka tena.

Mwalimu Kizito alipanguza mdomo. Hasira yake ilikuwa imepoa na Kiswahili kikarudi kwenye pasi. "Sheria yetu inasema zing'olewe. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kukiwa na kiota, hakuna mtu anavuka kigingi mpaka makinda yatoke. Si wewe na jembe lako, si mimi na vijana wa kung'oa. Makinda yakishaondoka utavuna yaliyo ndani mara moja ya mwisho, na hapo umemalizana na kinamasi. Kwa sasa, ziache."

"Na Jumatano?"

"Jumatano hiyo, muulize korongo."

Kisha akamgeukia Wamboi. Wamboi alikuwa ameshika sinia tupu kifuani kama ngao.

"Wewe umedanganya kitabu, halafu ukakisahihisha mbele ya watu. Sijui nikupe alama ngapi. Kwa hivyo utalinda hicho kiota. Mayai yakianguliwa salama na hakuna mguu umevuka kigingi, koti ni lako. Mguu ukivuka, wa mtu yeyote," alimtazama Gathii, "utaandika jina kwenye kitabu, na koti atavaa Kiptanui."

*

Kinyume na watu wanavyodhani, kulinda kiota hakuhitaji nguvu. Kunahitaji kukaa. Wamboi alikaa ukingoni mwa shamba, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kuanzia asubuhi hadi giza, na daftari magotini. Mvua ilikuja siku ya pili. Iliwanyeshea wote, yeye, korongo na vigingi, na vigingi vikatoka humo vyeupe zaidi. Chumvi ilikuwa imeshika.

Jumatano ya kwanza Wakiuru alienda Kiminini na sukuma wiki tu. Jumatano ya pili mama wa hoteli alimwambia amepata mtu mwingine wa nduma, lakini kama zake zitapatikana wiki ijayo, atamfikiria, wiki ijayo tu. Chai ya boma ikawa nyeusi, halafu ikawa nyeusi bila sukari. Wakiuru alipoimimina alisema "mtanisamehe" kila mara, hadi Gathii akamwambia anyamaze, chai si matanga.

Kwa Wamboi, Gathii hakusema kitu. Yaani alisema, lakini hakumwita. "Wewe, letea ng'ombe maji." "Wewe, chakula." Siku kumi na saba Wamboi hakusikia neno Maitu, na alishangaa jinsi neno dogo hivyo linavyoweza kuacha nafasi kubwa nyumbani.

Jumanne ya tatu, saa kumi na moja jioni, mayai yakiwa yamebakiza siku mbili tatu kwa hesabu yake, aliingia nyumbani kuchukua sweta. Alipotoka, aliona mgongo wa baba yake ukishuka kati ya nduma. Panga mkono mmoja, gunia mkono wa pili.

Alikimbia. Majani yalimpiga usoni, matope yalimnyang'anya kiatu kimoja, akakiacha. Alipomfikia, Gathii alikuwa amesimama kando ya kigingi cha saba. Mguu wa kushoto ulikuwa upande wa shamba. Wa kulia ulikuwa umeinuliwa, kiatu hewani juu ya mstari wa mpaka, maji yakidondoka kwenye kisigino.

Mbele yake, hatua ishirini na mbili, korongo alikuwa amesimama juu ya mayai. Alikuwa ametandaza mabawa yote mawili, meupe na mekundu na meusi, mapana kuliko mlango, na taji limesimama. Hakupiga kelele. Alimtazama tu Gathii.

"Baba."

"Mstari mmoja tu." Gathii hakugeuka. "Huu wa juu. Gunia moja, ya kesho. Hata korongo hatajua."

"Anajua tayari."

"Mama yako anakunywa maji ya moto anaita chai."

"Najua. Nakunywa naye."

"Hakuna mtu ameona."

"Mimi nimeona. Ukiweka huo mguu chini nitaandika."

"Utaandika baba yako?"

"Nilishaandika. Mbele ya watu kumi na wawili."

Gathii alikaa hivyo, mguu hewani, mzee wa miaka hamsini na nane kwenye matope kama yangeyange anayewinda. Goti lilianza kumtetemeka. Korongo hakukunja bawa hata moja. Huko juu bomani mlango wa jikoni ulifunguliwa, na Wakiuru akaita akiuliza kama kuna mtu ameona gunia.

"Kigingi, baba," alisema Wamboi.

Gathii alitazama chini, kwenye saruji ile iliyong'aa jioni kuliko kitu chochote katika kinamasi kizima.

"Nakiona, Maitu," alisema. "Mama yako alihakikisha."

Na akaurudisha mguu.